Mchezo mzito wa Direct3D 12 hujifunga kimya kwenye Linux unapoingia ramani kubwa

Swali (Mshale)

Habari zenu wakuu. Nina mchezo wa Windows unaotumia Direct3D 12 (mfumo wa michoro wa Windows), nami huuendesha kwenye Linux kupitia duka la michezo la Steam na Proton, programu inayowezesha michezo ya Windows kufanya kazi kwenye Linux. Kompyuta ina RAM ya GB 32 na kadi ya michoro yenye kumbukumbu ya GB 12, kwa hiyo sidhani kwamba mashine imezidiwa nguvu. Menyu hufunguka vizuri na eneo la kwanza huchezeka, ingawa picha hukwama kidogo kila kinapotokea kitu kipya. Lakini nikiingia katika ramani kubwa, mchezo hujifunga ghafla na kunirudisha kwenye eneokazi bila ujumbe wowote. Nimejaribu matoleo tofauti ya Proton, nimeshusha ubora wa picha hadi chini kabisa, na hali ni ileile. Faili za mchezo ziko kwenye diski ya NTFS (mfumo wa faili wa Windows) ambayo Windows pia huitumia. Nianzie wapi?

Jibu (Fundi_Keneli)

Ndugu Mshale, hayo ni matatizo mawili, na ukiyachanganya utazunguka bure.

Kule kukwama kwa picha kuna maelezo ya kawaida. VKD3D-Proton, sehemu ya Proton, hugeuza amri za Direct3D 12 ziwe za Vulkan (mfumo wa michoro unaotumika kwenye Linux), kisha draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, hulazimika kuziandaa sheda (programu ndogo zinazochora picha) kwa lugha ambayo kadi yako inaielewa, na sheda isiyoandaliwa mapema husimamisha picha kwa muda mfupi inapohitajika mara ya kwanza. Matokeo huwekwa kwenye akiba, ndiyo maana ukipita tena mahali palepale picha hutiririka, na ndiyo maana pia tatizo hurudi ukishasasisha draiva. Iache Steam imalize kuandaa sheda kabla ya mchezo kuanza. Wengi hubonyeza kitufe cha kuiruka hatua hiyo, halafu lawama zote huiangukia Proton.

Kujifunga ni jambo jingine. Mara tu mchezo unapopotea, fungua terminali uandike `sudo dmesg` na usome mistari ya mwisho. Ikiwa RAM iliisha na keneli (kiini cha Linux) ikaamua kuua programu, utakuta maneno "Out of memory". Ikiwa kadi yenyewe iliganda, draiva ya NVIDIA huacha mstari wenye neno "Xid", na ile ya AMD hulalamika kuhusu "timeout". Usipokuta lolote kati ya hayo, mimi ningeshuku `vm.max_map_count`. Hiki ni kikomo cha idadi ya vipande vya kumbukumbu ambavyo programu moja inaruhusiwa kuwa navyo katika ramani yake ya kumbukumbu (si ramani ya mchezo), na kwa chaguo-msingi la keneli ni 65530. Hakihusiani na ukubwa wa RAM: programu inaweza kukigonga huku nusu ya RAM ikiwa tupu. Ikikigonga, ombi lake la kumbukumbu hukataliwa, na mchezo usiojiandaa kwa jibu hilo huanguka bila keneli kuandika chochote.

Usikibadilishe kabla ya kupima. Mchezo ukiwa unaendelea, tafuta namba ya mchakato wake kwa `pgrep -f` na jina la faili ya .exe, kisha uhesabu mistari kwa `wc -l /proc/NAMBA/maps`, ukirudia hesabu hiyo unapokaribia ramani kubwa.

Jibu (Kisanduku)

Naongezea kuhusu diski. Proton huunda folda iitwayo `compatdata`, na ndani yake kuna viungo vyenye majina kama `c:`. Nukta mbili hairuhusiwi katika majina ya faili ya Windows, hivyo kuiweka folda hiyo kwenye NTFS ni kujitafutia matatizo kutoka pande zote mbili. Isitoshe, Windows ikizimwa huku kipengele chake cha kuwaka haraka kikiwa kimewashwa, huiacha diski katika hali ya nusu usingizi, na Linux huweza kukataa kuandika juu yake. Hamishia mchezo kwenye diski ya ext4 au Btrfs, mifumo ya faili ya Linux yenyewe, hata kama hili silo linaloufunga leo.

Mshale

Asanteni sana. `dmesg` haikuonyesha chochote. Nilipohesabu, idadi ilipanda polepole katika eneo la kwanza, kisha ikaruka hadi kupita 65000 ramani kubwa ilipoanza kupakiwa, na papo hapo mchezo ukafungika. Nimeona mahali fulani watu wakishauri kuweka 2147483642. Je, nifuate?

Jibu (Fundi_Keneli)

Basi tumeshampata mchawi. Namba hiyo ndiyo inayotumiwa na SteamOS, Linux ya Steam wenyewe, nayo inafanya kazi, lakini ni sawa na kukiondoa kikomo chenyewe, nami sipendi kuondoa ulinzi wote ilhali kuulegeza kunatosha. Matoleo mengine ya Linux, Fedora tangu toleo la 39 na Ubuntu tangu 24.04, huweka 1048576. Jaribu hiyo kwanza kwa `sudo sysctl -w vm.max_map_count=1048576`, bila kuwasha kompyuta upya, kisha uingie katika ramani ileile.

Mshale

Imekubali. Ramani kubwa imefunguka, na hesabu sasa inacheza juu kidogo ya 70000. Nimekwisha kuuhamishia mchezo kwenye ext4 pia. Picha bado hukwama mara chache ninapofika sehemu mpya, lakini nikirudi hapohapo haikwami tena, kama ilivyoelezwa.

Jibu (Kisanduku)

Vizuri. Kumbuka kwamba amri hiyo husahaulika kompyuta ikizimwa. Andika mstari `vm.max_map_count = 1048576` katika faili mpya ndani ya `/etc/sysctl.d/`, jina lake liishie na `.conf`. Na faili za zamani zilizobaki kwenye NTFS, zifute ukiwa ndani ya Steam yenyewe, isije ikaendelea kudhani kwamba mchezo uko mahali pawili.