Mjadala: Askari wa zimamoto tumwite afande, au?

Mleta mada:
Wakuu, wiki jana mtungi wa gesi uliwaka jikoni kwa jirani. Gari la faya likaja, likakwama kwenye kona kwa sababu ya kibanda cha chipsi, vijana wakakinyanyua kizimakizima na kikaango chake. Aliyeshuka wa kwanza ni binti, miaka thelathini hajafika, mkononi ana V mbili za koplo. Mama mwenye nyumba akawa anamvuta: "Mwanangu, mwanangu, ingia huku!" Mzee mmoja naye akafoka, "We zimamoto, anza na paa!" Binti akageuka: "Mama, rudi nyuma. Na wewe mzee, mimi hapa ni afande." Moto ukazimwa, ugomvi ukahamia kwenye hilo neno.

Wengi walisema ana majivuno. Mimi nasema alikuwa sahihi. Hapa Tanzania, tangu sheria ya 2007 hili ni Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lipo Wizara ya Mambo ya Ndani pamoja na polisi na magereza. Zamani walikuwa watu wa halmashauri, nadhani ndiyo maana wazee wetu bado wanawaona kama vibarua wenye mpira wa maji. Siku hizi kuna konstebo, koplo, sajini, mkaguzi, mrakibu, mpaka Kamishna Jenerali. Trafiki anayeniandikia faini namwita afande kwa sauti ya upole kabisa. Huyu anayeingia kwenye moshi namwita "we zimamoto", utadhani naita gari. Zimamoto ni jina la jeshi, si la mtu. Karibuni.

Mchangiaji, Mbeya:
Mkuu, afande ni neno la amri. Asili yake efendi ya Waturuki, huku limezoeleka tangu enzi za askari wa Kisudani wa jeshi la Mjerumani, na bado linanuka kiboko. Nyumba yangu ikiungua nataka mtu wa kuniokoa, sitaki wa kunifokea. "Dada" lina kasoro gani? Yule mama kamwita "mwanangu", heshima gani inazidi hiyo?

Mchangiaji, Kisumu:
Kwetu ukiita afande, watu wataangalia polisi yuko wapi. Kwa Katiba ya 2010 kuzima moto ni kazi ya kaunti, kwa hivyo yule ni mfanyakazi wa kaunti tu. Lakini mnajua hilo jina lenyewe lina historia? Enzi za mkoloni, Nairobi hadi Kampala, watu waliamini wazimamoto wanakamata wapita njia usiku na kuwanyonya damu. Ndio hao nyinyi mlikuwa mnawaita mumiani. Nyanya yangu akisikia king'ora alikuwa anaita watoto ndani. Yeye hangemwita afande wala dada, angefunga mlango.

Mchangiaji, Unguja:
Huku kwetu si Jeshi, ni Kikosi, na si Uokoaji, ni Uokozi: Kikosi cha Zimamoto na Uokozi, kimo katika Idara Maalumu za SMZ, yaani Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, pamoja na KMKM (kikosi cha kuzuia magendo) na JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi). Afande tunamwita bila tabu, ila salamu itangulie. Mtu mzima, hata akiwa konstebo, ni shikamoo kwanza. (Paa likiwa linawaka nadhani atakusamehe.)

Mleta mada:
Wa Mbeya, pale uani walikuwa akina dada kama thelathini. Piga kelele "dada, moto umerudi!" uone watageuka wangapi. Afande alikuwa mmoja, na ukimwita hivyo hata wewe unakumbuka kusogea akikwambia sogea. Huyo "mwanangu" anavutwa mkono, afande havutwi. Kwenye simu ya dharura ya zimamoto, 114, sawa, cheo hakina kazi, taja mtaa na alama iliyo karibu wapate kufika.

Ila na mimi nina swali. Kazi ilipoisha, koplo wetu alikaa kwenye ngazi ya gari, helmeti kaiweka magotini, anakunywa maji. Mtoto wa jirani, miaka minne hivi, akamsogelea: "Anti faya, na mimi nivae?" Akamvisha, helmeti ikamfunika mpaka pua. Mbona hilo la anti faya hakulisahihisha?