Nimepima kwa futi kamba "njia ya walemavu" ya jengo la umma. Ile siyo njia, ni mlima!

Wakuu salaam. Naandika nikiwa bado na hasira za jana, kwa hiyo mtanivumilia. Sikuja kuomba huruma ya mtu. Nimekuja kulalamika na vipimo ninavyo mkononi.

Dada yangu, tumbo moja, alipata ajali ya bodaboda mwaka 2019, uti wa mgongo ukaumia. Tangu hapo anatumia kiti mwendo. Ni mtu anayejitafutia riziki yake, ana cherehani tatu na mafundi wawili chini yake, anasomesha watoto. Jana asubuhi alikuwa anafuatilia faili la kiwanja chake kwenye jengo moja la ofisi za umma hapa Dar. Jengo silitaji, maana bado faili lake limo humo ndani. Ni jipya, hata miaka mitatu haijaisha tangu utepe ukatwe. Mimi sikuwa na kazi saiti, nikamsindikiza.

Mlangoni kuna ngazi tatu. Pembeni kuna rampu, na juu yake bango la bluu lenye alama ya kiti mwendo. Kwa mbali unasema hawa wamewafikiria watu. Dada akashika magurudumu, akasukuma ya kwanza, ya pili, ya tatu magurudumu ya mbele yakanyanyuka hewani. Nikawahi kudaka vishikio vya nyuma. Kama wakati ule ningekuwa kwenye foleni ya kuandika jina kwa mlinzi, dada angeanguka kisogo juu ya marumaru. Na marumaru zenyewe ni zile za kung'aa za sebuleni, mtu ametoka kupiga deki sasa hivi.

Mimi ni fundi ujenzi, huu mwaka wa 14. Futi kamba haitoki kwenye begi langu. Nikapima pale pale, walinzi wananiangalia. Ngazi tatu, kila moja sentimita 15, jumla 45 kwenda juu. Urefu wa rampu, sentimita 160. Sasa nawaeleza ambao hamjawahi kushika mwiko: kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani ni 1 kwa 12. Ukimpandisha mtu sentimita 1, mpe sentimita 12 za kwenda. Kwa sentimita 45 ilitakiwa iwe 540, yaani mita 5 na sentimita 40. Wao wametoa mita 1.6. Hata theluthi ya njia aliyostahili hawakumpa! Mlima ule mimi mwenye miguu yangu miwili siwezi kupandisha toroli la zege mpaka nirudi nyuma nichukue kasi.

Na nafasi ipo, wakuu. Hilo ndilo lililonichoma. Ubavuni mwa ile rampu kuna bustani ya maua ya zaidi ya mita 8. Ungeipitisha rampu hapo, ukamalizia na sehemu bapa mbele ya mlango ili mtu apumzike na kufungua mlango bila kurudi kinyumenyume, ukafunga bomba la kushikia pande zote mbili, ukaacha zege liwe na mikwaruzo ili gurudumu lishike. Ni mifuko michache ya saruji, mchanga na kokoto, basi.

Tukaingia ndani. Lifti imebandikwa karatasi kwa seloteipu: LIFTI MBOVU. Karatasi imeshageuka njano, maana yake haikubandikwa jana wala juzi. Ofisi tunayokwenda ipo ghorofa ya pili. Akaja kijana mmoja wa mapokezi, mstaarabu tu, akasema, "Dada, wewe subiri hapa chini, kaka apeleke karatasi." Dada akamwambia faili linataka sahihi yake na dole gumba mbele ya afisa. Je, afisa anaweza kushuka? Hawezi, ana foleni.

Wakaja walinzi wawili na kijana anayeuza maji nje. Walitaka kusaidia, na sina ugomvi nao hata kidogo. Lakini hebu jiwekeni pale. Mama wa watu, umri miaka 41, wanaume watatu asiowajua, mmoja amemshika kwapani, mwingine anaingiza mikono chini ya mapaja, gauni linapanda, na watu wamejaa wanatazama. Dada akasema, "Naombeni mniache."

Akajishusha kwenye kiti. Akakaa kwenye ngazi ya kwanza, mgongo umeelekea juu, akaweka viganja nyuma yake, akajiinua kwenda ya pili. Akaivuta miguu yake kwa mkono, mmoja, halafu wa pili. Akajiinua tena. Mimi nabeba kiti, machozi yananitoka na siwezi kuyafuta. Ngazi 44, nilizihesabu zote, na gauni la kitenge alilolipiga pasi alfajiri. Watu walikuwa wanatupisha kwa kujibana ukutani.

Alipofika juu viganja vilikuwa vyeusi. Nikampa chupa ya maji. Akanawa mikono, hakunywa. Nikamuuliza mbona hunywi na jasho lote hilo? Akasema hajanywa kitu tangu jana yake saa 2 usiku. Kila akiwa na safari ya ofisini hanywi maji, kwa sababu hajui kama atakapokwenda atapata choo. Miaka yote hii mimi ndugu yake sikujua.

Basi nikaenda kukitafuta hicho choo. Kipo! Kina alama ya kiti mwendo mlangoni, na kimefungwa kwa kufuli. Ufunguo anao mama wa usafi. Akatufungulia, naye kwa aibu. Ndani kuna ndoo, madekio, viti vilivyovunjika miguu na mti wa Krismasi wa plastiki. Nikapima mlango, sentimita 70. Kiti cha dada kina 66. Bado mikono yake inayozungusha magurudumu, ipite wapi? Na mlango unafunguka kwa ndani, kwa hiyo hata akiingia hawezi kuufunga nyuma yake. Mlango ulitakiwa uwe 90 na ufunguke kwa nje, na ndani kuwe na duara la sentimita 150 ili kiti kigeuke. Vipimo hivi siyo siri ya serikali, mwanafunzi wa usanifu anavijua.

Nitawaambia ukweli unaoniumiza kama fundi. Rampu nyingi hazijengwi kwa ajili ya kiti mwendo, zinajengwa kwa ajili ya mkaguzi. Jengo limeshakamilika, ngazi zimeshamwagwa, ndipo mtu wa saiti anakwambia, "Fundi, tupia rampu hapo pembeni." Unauliza urefu gani? Anakujibu, "Hata fupi, ionekane ipo." Na mimi nilishawahi kutupia, kabla ya ajali ya dada. Ninalijua jengo lenyewe, na kila nikipita pale nageuza uso.

Ni hivyo hivyo kwa vile vigae vya njano vya njia za waenda kwa miguu. Vile siyo urembo! Vilibuniwa na Mjapani Seiichi Miyake mwaka 1965, vikatandazwa kwa mara ya kwanza mjini Okayama mwaka 1967, ili mtu asiyeona asome njia kwa unyayo na kwa fimbo nyeupe. Vyenye mistari vinamwambia endelea, vyenye vidoti vinamwambia simama, mbele kuna kivuko au ngazi au hatari. Nimeona hapa mjini fundi amechanganya vidoti na mistari kimoja kimoja ili sakafu ipendeze. Hiyo ni sawa na kufunga taa za barabarani zikawaka nyekundu na kijani kwa pamoja. Nimeona pia mstari umenyooka vizuri kabisa mpaka kwenye nguzo ya umeme. Na nyie mnaopanga meza za chipsi na bodaboda juu ya vile vigae, dhambi hiyo siyo ya mkandarasi, ni yenu.

Sheria ipo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 9 yote inazungumzia kufika na kutumia majengo, barabara, usafiri na habari. Mwaka uliofuata tukatunga yetu wenyewe, Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010. Jengo la jana limejengwa zaidi ya miaka kumi baada ya hapo. Kwa hiyo mtu asiniambie tulikuwa hatujui.

Usiku dada alinisimulia jambo. Tarehe 12 Machi 1990 kule Washington watu wenye ulemavu waliacha viti vyao chini ya ngazi za jengo la Bunge la Marekani wakapanda kwa kutambaa, na kati yao kulikuwa na mtoto wa miaka 8. Sheria waliyokuwa wanaidai ilitiwa saini tarehe 26 Julai mwaka huo huo. "Wale walitambaa kudai sheria," akaniambia. "Mimi leo nimetambaa na sheria ninayo." Sikuwa na la kumjibu.

Najua kuna atakayekuja kusema hawa watu ni wachache. Sensa ya 2022 ilipata asilimia 11.2 ya watu wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu. Chukua mtaa wako, hesabu watu tisa, mmoja wao. Na kwenye hesabu hiyo hujaweka mjamzito wa miezi minane, wala bibi yako mwenye magoti, wala wewe mwenyewe siku ukivunjika mguu. Mwingine atasema hela hakuna. Hela ya kuvunja na kujenga upya ndiyo inayotoka wapi? Kuchora mlango wa 90 badala ya 70 kwenye karatasi ni kufuta mstari na kuchora mwingine. Na wa tatu atasema si walinzi wapo, watambeba? Mkubali basi na mama yako mzazi abebwe hivyo, mbele ya watu wote hao.

Ninachodai ni kimoja. Siku ya kukabidhi jengo lolote la umma, kabla mkandarasi hajamaliziwa malipo yake, aitwe mtu wa kiti mwendo na mtu asiyeona mwenye fimbo nyeupe. Waanzie getini, wafike kaunta, wafike ghorofa ya juu, waingie chooni, watoke, bila mkono wa mtu. Wakikwama, jengo halijaisha na hela haitoki. Mkaguzi mwenye miguu mizima ameshapitisha majengo ya kutosha.

Na nyie mliomo humu, kesho mkifika kazini pimeni rampu ya ofisini kwenu, juu sentimita ngapi na urefu ngapi, mlete hapa. Asiye na futi kamba atumie rula ya mtoto. Nataka tuone ni ngapi zinafika 1 kwa 12.

Faili la dada bado. Lilikosekana karatasi moja, ameambiwa arudi Alhamisi, ghorofa ya pili.