Tupeane uzoefu: umbo la jicho lako linakufanya uone vipi?

Mwanzisha mada
Ndugu wanajamvi, tukifika kwa daktari wa macho wengi wetu husema "sioni vizuri" tukaishia hapo, ilhali ukungu wa kila mtu hutegemea jicho lake limeumbika vipi. Langu ni refu. Jicho la mtu mzima huwa na takribani milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma, na likizidi kwa milimita 1 tu, taswira hutua mbele ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) kiasi cha kuhitaji lenzi ya karibu daioptria 3 za kutoa (daioptria ni kipimo cha nguvu ya lenzi; za kutoa ni za kuona mbali). Ndiyo maana nasoma maandishi madogo ya pakiti ya dawa nikiisogeza karibu na pua, lakini kibao cha daladala sikisomi mpaka isimame mbele yangu. Naomba kila mmoja aeleze anachokiona hasa.

Fundi Cherehani
Mimi nina astigmatizimu: konea (ngozi angavu ya mbele ya jicho) imepinda zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Kwenye kitambaa cha drafti, mistari ya wima naiona kali, ya ulalo imefifia kama iliyofuliwa mara nyingi. Lenzi za kurekebisha hali hii zina mhimili wake, yaani mwelekeo ambao lazima zikae. Zikikaa kombo kwa nyuzi 10, theluthi ya marekebisho hupotea. Miwani mipya ikikuonyesha sakafu imeinama na hali hiyo isiishe, irudishe ipimwe.

Mama Kidato
Mwanangu alibadilishiwa miwani kila mara bila nafuu, na taa moja ya barabarani aliiona ina vivuli vitatu vinavyoning'inia chini yake. Alikuwa na mzio, akifikicha macho usiku na mchana. Hatimaye alipimwa ramani ya konea, ikaonekana imekonda na kuchongoka, hali iitwayo keratokonasi. Miwani haiwezi kusawazisha umbo hilo, bali lenzi ngumu inayovaliwa juu ya jicho huweza, kwa kuwa machozi hujaza mabonde yaliyo chini yake. Alitibiwa pia kwa matone ya vitamini B2 na mwanga wa urujuanimno ili konea ikaze, isiendelee kuchongoka. Wazazi wenzangu, mtoto anayefikicha macho asipuuzwe.

Dereva wa Usiku
Mchana sina shida, ila usiku taa za magari hutawanya miale. Nilielezwa kuwa gizani mboni hupanuka, mwanga ukapitia kingo ambako kasoro ni nyingi. Nilipochungulia kwenye kadi yenye tundu dogo, herufi zilitulia, ishara kwamba tatizo ni upindaji wa mwanga. Je, kuna dereva aliyesaidiwa na miwani ya usiku pekee?