Fuso ya volti 24: stata inalia "ka!" mara moja, haizunguki mpaka igongwe nyundo

Mahindi_Kibaigwa

Wakuu, habari za kazi. Fuso FM ya zamani, injini 6D16, umeme wa volti 24. Asubuhi ikiwa baridi inawaka bila shida. Ikitoka Kibaigwa na mzigo, ukiizima Dodoma mjini ikiwa ya moto, ukipeleka ufunguo unasikia "ka!" moja, tena dhaifu, basi. Taa za dashibodi hazififii. Ukigonga mwili wa stata na nyundo ndogo, inakubali. Fundi mmoja anasema betri zimekufa, mwingine anasema ninunue stata nzima. Nianze wapi?

Spana_17

Mkuu, usinunue kitu bado. Stata inayokubali baada ya nyundo kwa kawaida ni kaboni zimeisha, yaani vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, lakini kipimo kwanza. Chukua mita ya kawaida na mtu wa kushika ufunguo. Gia nyutro, hendibreki, mawe kwenye tairi. Usiruke hilo la gia: ukiunga umeme chini ya gari likiwa kwenye gia, linakupitia juu.

Gari likiwa limelala usiku kucha, pima kila betri peke yake. 12.6 imejaa, 12.2 imebaki nusu. Kisha weka mita kwenye betri zote mbili kwa pamoja, mwenzako apeleke ufunguo. Injini ikizunguka, volti zisishuke chini ya 19 hivi. Zikianguka hadi 14 au 15, hapo fundi wa betri ana hoja.

Halafu waya. Ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye bolti nene ya stata inayopokea waya wa betri, tuiite B. Stata ikizungusha, mita isizidi volti 1. Fanya hivyo hivyo kati ya hasi ya betri na mwili wenyewe wa stata. Ikizidi hapo, tafuta waya wa athi (njia ya umeme kurudi betri) kati ya injini na chasisi. Mara nyingi umekazwa juu ya rangi na vumbi. Waya wa kutazama kwa macho huwa mzima siku zote, mita ndiyo inasema ukweli.

Mwisho ndio muhimu kwako. Ikigoma, ufunguo ukiwa umeshikiliwa, pima bolti ya pili ya solenoidi (swichi kubwa iliyo juu ya stata), ile yenye waya mfupi unaoingia ndani ya stata, dhidi ya mwili wa stata. Hiyo ni M. B ina umeme na M haina kitu: vigusio vya shaba ndani ya solenoidi vimeungua. M ina umeme na stata imetulia: tatizo liko ndani ya mota. Leta namba.

Nala_Umeme

Nyongeza fupi. Kama kuna redio ya volti 12 iliyochukuliwa kwenye betri moja tu, ondoa. Betri hiyo inaliwa kila siku na altaneta inachaji zote mbili kama mkate mmoja, kwa hiyo moja inabaki na njaa na nyingine inachemka maji. Weka kipunguza volti cha 24 kwenda 12. Na ukibadilisha betri, badilisha zote mbili kwa pamoja.

Mahindi_Kibaigwa

Asanteni. Redio ilikuwepo kweli, nimeing'oa. Vipimo: betri 12.5 na 12.5. Ikigoma ikiwa ya moto, betri zote mbili 24.6, B 24.5, M 24.2, stata kimya.

Spana_17

Jibu limetoka hapo. Betri zimeshuka kidogo tu, maana yake umeme mkubwa haupiti. Stata inayovuta kweli lazima ishushe betri. M ina 24 na mota haizunguki, basi njia imekatika ndani: kaboni hazigusi komuteta, ile pete ya vipande vya shaba inayozunguka. Hata ile "ka!" dhaifu inaeleweka, kwa sababu koili ya kuvuta ya solenoidi inarudisha umeme wake kupitia kaboni hizo hizo.

Kushusha stata: toa waya wa hasi ya betri kwanza. Weka alama kwenye nyaya, maana kuna mmoja mwembamba wa ufunguo. Unapolegeza nati ya B, shika nati ya ndani kwa spana nyingine. Bolti ikizunguka, kifuniko cha solenoidi kinapasuka. Kisha bolti za kwenye nyumba ya flaiwili (gurudumu zito la injini lenye meno ambayo stata huyazungusha). Stata ni nzito, mtu aishike kabla bolti ya mwisho haijatoka.

Ndani, kaboni ikiwa imebaki nusu ya urefu wa mpya, badilisha seti nzima pamoja na springi zilizobadilika rangi kwa moto. Kaboni iteleze kwenye kibebeo chake kwa uzito wake yenyewe. Ikikwama, hata mpya haitagusa. Hapa kwetu vumbi la kiangazi likikutana na oili hukauka kama ulimbo, na hapo ndipo kaboni inapong'ang'ania. Ukikuta oili ndani, kagua oili sili ya nyuma ya krenki, la sivyo utarudi humo humo.

Kaboni ambazo waya wake umelehemiwa kwenye koili zinataka pasi kubwa ya kulehemu. Pasi ya fundi redio haitoshi: kiungo kinaonekana kimeshika, siku ya moto kinayeyuka.

Komuteta isafishwe kwa msasa laini wa mchanga wa kioo. Ule mweusi wa chuma acha, punje zake hupitisha umeme kati ya vipande. Ikiwa na mfereji, ikerezwe, kisha maika (kizuia umeme) kati ya vipande ichimbwe chini kidogo, kama nusu milimita.

Bushi zisiachwe. Ukitikisa amecha (sehemu inayozunguka, inayoshikwa na bushi hizo) ikacheza, itasugua nguzo za koili chuma kikipanuka kwa joto, na gari litaendelea kugoma likiwa la moto hata na kaboni mpya. Angalia kama amecha ina michubuko inayong'aa.

Bendeksi (gia ndogo ya stata inayoingia kwenye meno ya flaiwili) isioshwe kwa petroli, grisi ya ndani ya klachi yake inatoka na baada ya wiki inateleza. Ifute kwa kitambaa. Kwenye mifereji yake oili nyepesi kidogo inatosha. Grisi nyingi hushika vumbi la klachi na meno yanachelewa kurudi.

Nala_Umeme

Kabla ya kuirudisha, ibane kwenye jiliwa uijaribu kwa sekunde chache tu. Na tundu la stata likiwa bado wazi, zungusha injini taratibu kwa spana ya puli ya krenki, ukimulika meno ya flaiwili mzunguko mzima. Injini ya silinda 6 husimama karibu sehemu tatu zile zile kila inapozimwa, kwa hiyo meno yanaliwa hapo tu. Ukitazama sehemu moja utasema mazima.

Mahindi_Kibaigwa

Nikikuta amecha imeungua, ninunue iliyotumika?

Spana_17

Ikiwa vanishi inayofunika nyaya zake imekuwa nyeusi na inanuka, ndiyo, tafuta nyingine. Nenda na ya zamani mkononi. Linganisha volti na kilowati kwenye bati lake, hesabu meno ya bendeksi, linganisha matundu ya bolti na upande inakozunguka. Jino moja likizidi, itaingia kwenye tundu vizuri na itakula flaiwili. Kabla ya kuifunga, kwangua rangi pale inapokalia, maana athi yake inapita hapo. Na dereva asishikilie ufunguo zaidi ya sekunde 10. Apumzishe dakika moja hadi mbili ndipo ajaribu tena.