Riwaya na historia za Italia, nianzie wapi?

MtuWaChumbageni: Wakuu habarini, niko hapa Tanga, nimerudia Mabepari wa Venisi ya Mwalimu Nyerere nikashikwa na hamu ya Italia ya zamani, ila tamthilia basi, nataka riwaya au historia yenyewe, nani anijuze?

Raskazone_76: The Name of the Rose ya Umberto Eco. Mwaka 1327, watawa wanakufa mmoja mmoja kwenye monasteri huko kaskazini, na maktaba yao imejengwa kama mtego. Mwanzo mzito balaa, vumilia tu.

BintiNgamiani: Hiyo ilinishinda aisee 😂 Bora The Leopard ya Tomasi di Lampedusa, ilitoka 1958 mwenyewe keshafariki. Kisiwa cha Sicily 1860, Garibaldi, jemadari wa kuiunganisha Italia, kashuka na watu wake kama elfu moja na mwinyi mmoja anaangalia ukubwa wa ukoo wake unavyoyeyuka huku mpwa wake kajiunga na haohao wapinduzi, yani utawakumbuka mamwinyi wa pwani yetu na mashamba yao ya minazi.

Raskazone_76: Historia soma ya Venice, jamhuri ya wafanyabiashara, pilipili manga iliwatajirisha, Napoleon akaja kuimaliza 1797.

MtuWaChumbageni: Naanza na mwinyi. Nani anayo aniazime? Naifuata hata Pongwe.