Bildi (kujenga na kujaribu programu kiotomatiki) ianze kila pushi (msimbo mpya ukitumwa), usiku kwa ratiba, au kwa kubonyeza?

mjenzi_kgmb
Wakuu, habari za kazi. Dakika za bure za bildi kwenye GitHub, tunakohifadhi msimbo, zinatuishia kila mwezi kabla ya tarehe 20. Bosi anataka jibu Ijumaa: tulipie za ziada au tukodi seva tuweke Jenkins (programu ya kuendesha bildi kwenye seva yako)? Na bildi zianze lini?

DadaSeva
Repo (hifadhi ya msimbo) ni ya siri au ya wazi? Ya wazi hailipiwi dakika. Mko wangapi? Weka hapa ile sehemu ya `on:`, inayosema bildi ianze lini, tuione.

mjenzi_kgmb
Samahani dada. Ya siri, zile dakika 2,000 za bure kwa mwezi. Tuko 4, bildi moja dakika 9 hivi. Tumeweka `push` na `pull_request` (ombi la kuunganisha), matawi yote ya msimbo.

DadaSeva
Ndipo zinapoishia hapo. Tawi likiwa na ombi la kuunganishwa ambalo halijafungwa, pushi moja inaanzisha bildi mbili. `push` ibaki kwa `main` (tawi kuu) tu, mengine yashikwe na `pull_request`. Ongeza `concurrency` yenye `cancel-in-progress: true`, pushi mpya isimamishe bildi ya zamani. Usilipe hata senti kabla ya hapo.

mzee_wa_jenkins
Jenkins, mkuu. Seva yako, hakuna anayekuhesabia dakika. Webhuku (GitHub kuiarifu seva kila pushi) ni ya haraka, ila umeme ukikatika ofisini taarifa ya wakati huo imepotea, GitHub hairudii kutuma yenyewe. Ndiyo maana naweka pia `Poll SCM` ya `H/15 * * * *`, yaani Jenkins ikague yenyewe kila dakika 15. Umeme ukirudi, inakagua repo na kukuta kilichobadilika.

pwani_dev
Ratiba iwekeni kwa uangalifu. Tulimwambia kijana aweke majaribio ya mzigo (kuibana seva kwa maombi mengi) saa nane usiku. Akaandika `0 8 * * *`. Kwanza saa nane yetu ni 2, si 8. Pili GitHub inasoma UTC (saa za kimataifa), sisi tuko mbele saa 3. Majaribio yakaanza saa tano asubuhi, kwenye seva ileile tuliyokuwa tunamwonyesha mteja mfumo. Kurasa hazikufunguka, mteja akaaga. Tulitafuta kosa kwenye hifadhidata siku mbili nzima. Sahihi ilikuwa `0 23 * * *`.

tausi_k
Pole sana. Mimi ratiba peke yake siitaki kabisa: kosa la asubuhi unalijua kesho yake, limechanganyika na kazi za watu wanne.

pwani_dev
Sijasema peke yake, dada. Majaribio mazito tu ndiyo ya usiku.

tausi_k
Sawa. Na ukiweka `paths-ignore` kuruka nyaraka, angalia kama bildi hiyo ni ya lazima kabla ya kuunganisha. Ikirukwa, ombi linabaki linasubiri bila mwisho.

mzee_wa_jenkins
Kwenye Jenkins hayo huyaoni.

DadaSeva
Mzee, unaona programu-jalizi zisizosasishwa badala yake.

mjenzi_kgmb
Nimebadilisha `on:` leo, naangalia hadi Alhamisi. Mzee, seva yako ina RAM kiasi gani?

mzee_wa_jenkins
GB 8. Lakini mnajenga kwa lugha gani? Hilo bado hujasema.