Sauti nzito ya harmonika ya Waingereza wa miaka ya 1960: ni maiki, amplifaya au mikono?

TunduLaPili:
Wakuu, habari za humu. Nina Shure 520DX, ile maiki ya kijani yenye umbo la risasi, na amplifaya ya gitaa ya valvu: wati 15, valvu mbili za mwisho aina ya EL84, spika moja ya inchi 12. Harmonika ni Marine Band, moja ya A na moja ya C. Ninachotafuta ni sauti ya Cyril Davies, mpiga harmonika Mwingereza wa bluzi, kwenye "Country Line Special" ya 1963. Nzito, ina mkwaruzo, lakini kila noti inajitambulisha. Ninachopata ni mkwaruzo mwembamba kama redio iliyokosa stesheni, na volyumu ikifika 4 tu spika inapiga yowe. Besi iko 5, trebo 6. Nianze kugusa nini? Na je, Waingereza walikuwa na vifaa tofauti na wapiga bluzi wa Chicago, Marekani, au tofauti iko kwenye uchezaji?

Mfumbato:
Mkuu, anza na trebo. Ishushe hadi 2, besi ipandishe 7 au 8. Hiyo 520DX inashika kati ya hezi 100 na 5,000 basi. Ukiipa trebo 6 unakuza kelele na yowe tu, huko juu muziki haupo.

Baada ya hapo ni mikono, na hapa ndipo wengi wanapokwama kisha wanakimbilia kununua maiki nyingine. Harmonika ishikwe kwa kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kushoto, maiki ikae nyuma yake ikishikwa na vidole vilivyobaki, halafu mkono wa kulia uje ufunike kila kitu. Usibane wavu wa maiki kwenye bati la harmonika. Acha nafasi ya upana wa kidole hivi, maana unajenga chumba kidogo cha hewa, na chumba hicho ndicho kinachotoa uzito.

Kipimo chake ni rahisi. Vuta tundu la 2 polepole, ukifungua na kufunga mkono wa kulia. Ukifunga, noti inatakiwa igeuke kabisa: trebo ife, katikati ijae, sauti ipande bila wewe kuongeza pumzi. Kama tofauti ni ndogo, hewa inavuja, na mara nyingi inavuja sehemu mbili: chini ya vidole gumba na pembeni mwa kidole cha mwisho. Mfumbato (jinsi mikono inavyofunika maiki na harmonika) ukikaza, mgandamizo wa hewa unazidi mbele ya kiini cha maiki (sehemu inayogeuza sauti kuwa umeme) na mkwaruzo unaanzia hapo hapo kwenye maiki, kabla umeme haujafika kwenye valvu. Ukivuja, unalazimika kufidia kwa volyumu ya amplifaya. Ndiyo yowe lako hilo.

Na usipulize kwa nguvu. Vibati vya kuvuta (vile vinavyotetemeka ndani ya harmonika) vya tundu la 4 na la 5 ndivyo vinavyokatika mapema kwa watu wa bluzi, na kabla ya kukatika vinashuka noti. Koo wazi, taya chini, pumzi itoke tumboni.

FundiValvu:
Nakubaliana na Mfumbato, ila swali la vifaa lina jibu lake na si dogo.

Kati ya 1951 na 1959 Uingereza ilizuia uagizaji wa ala za muziki kutoka Marekani. Hata zuio lilipoondolewa, amplifaya za Fender za Kimarekani zilikuwa ghali. Kwa hiyo wakati mpiga harmonika wa Chicago anachomeka kwenye amplifaya yoyote ya Kimarekani iliyo karibu, wa London alikuwa na amplifaya ya Vox, iliyotengenezwa Dartford, Uingereza, au vyombo vya ukumbi (maiki na spika za kuimbia). Marshall akaja baadaye kidogo: JTM45 ya Jim Marshall, kutoka duka lake la Hanwell, London, ni nakala ya amplifaya ya Fender Bassman 5F6-A. Lakini tofauti chache kati ya hizo mbili ndizo zinazomgusa mpiga harmonika. Bassman valvu yake ya kwanza ni 12AY7. Marshall akaweka ECC83. Bassman ina spika nne za inchi 10 kwenye kabati lililo wazi nyuma. Marshall akatumia nne za inchi 12 kwenye kabati lililofungwa. Kwa gitaa, mabadiliko hayo yalikuwa baraka. Kwa harmonika yanamaanisha yowe linafika mapema zaidi.

Yako ya EL84 ni ukoo wa Vox, na Vox asili yake ni kung'aa. Kama ina chaneli mbili, tumia ya kawaida, si ile ya Top Boost (yenye trebo ya ziada). Kama ina kitufe cha Cut, kumbuka kinafanya kazi kinyume: ukikipandisha, trebo inapungua.

Kisha badilisha valvu ya kwanza, ile iliyo karibu na tundu la kuchomekea. Ikiwa ni 12AX7 (Ulaya wanaiita ECC83, ni ile ile), kipimo chake cha ukuzaji ni 100. 12AT7 ni 60, 12AY7 ni kama 44, 12AU7 ni kama 20. Zote nne zinaingia kwenye soketi moja bila kuchomelea kitu. Anza na 12AY7. Utaona volyumu iliyokuwa inapiga yowe kwenye 4 sasa inafika 6 au 7, na hapo EL84 zenyewe, valvu za mwisho zinazosukuma spika, zinaanza kufanya kazi. Mkwaruzo wa valvu za mwisho ni mnene. Wa valvu ya kwanza ni ule wa redio uliousema.

Tahadhari. Zima, chomoa kwenye ukuta, subiri zipoe, shika valvu kwa kitambaa na uivute wima ukiichezesha kidogo. Usifungue sehemu ya chini yenye kapasita (vihifadhi umeme), zinaweza kubaki na volti mia tatu na zaidi hata baada ya kuchomoa. Na soma maandishi kwanza: kama valvu ya kwanza ni EF86, iache. Ina pini tisa kama hizo, lakini nyaya zake zimepangwa vingine, na baadhi ya amplifaya za Vox AC15 ndizo zinazotumia hiyo.

Wanaofikiria kuagiza Fender kuukuu ya Marekani: ni ya volti 120, na huku tuna 230 Tanzania, 240 Kenya. Bila transfoma ya kushusha utaiunguza siku ya kwanza. Plagi yake ikiwa ya pini mbili, fundi aweke waya wa ardhini kabla hujaigusa. Mpiga harmonika anashika maiki ya chuma kwa mikono miwili, tena imekaa mdomoni. Hapo hakuna mzaha.

Kuvuta_na_Kupuliza:
Fundi ameeleza vizuri, lakini tusimfanye mtu aamini kwamba sauti ile ilitoka dukani. Davies alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari, na shule yake ya harmonika ya umeme ilikuwa santuri za Chicago. Little Walter, mpiga harmonika mkubwa wa Chicago, mwenyewe alifika kupiga Uingereza mwaka 1964, na Davies alikuwa amefariki Januari ya mwaka huo huo, akiwa na miaka 31. Aliijenga sauti ile kwa sikio.

Sikiliza "Country Line Special" tena, lakini safari hii usisikilize mkwaruzo. Sikiliza mdundo: kodi za matundu ya chini zinaenda kama treni, ulimi unafungua na kuziba, na juu yake Carlo Little kwenye ngoma na Nicky Hopkins kwenye piano hawampi nafasi ya kulala. Uzito mwingi unatokana na kupiga matundu mengi kwa wakati mmoja. Vuta tundu la 1 na la 4 huku ulimi umeziba la 2 na la 3: kwenye harmonika ya C hizo ni D mbili, moja chini moja juu. Zikiingia pamoja kwenye valvu iliyolemewa, tofauti ya mitetemo yao inaangukia pale pale kwenye D ya chini na kuinenepesha. Ukitaka ukali, vuta 2 na 5: G na F zinagombana, na amplifaya inazidisha ugomvi. Mtu anayepiga kwa midomo ya kubana, noti moja moja, hafiki huko hata akipewa Bassman ya 1959.

Halafu si kila Mwingereza alikuwa na sauti hiyo, wala hakuitaka. Albamu ya 1962 ya Blues Incorporated, bendi ya bluzi ya London, ina jina la klabu ya Marquee, lakini ilirekodiwa studio ya Decca, kwa hiyo usiitumie kama ushahidi wa sauti ya klabu. Sonny Boy Williamson wa pili, mpiga harmonika Mmarekani, alipokuja 1963 na kubaki akipiga na bendi za vijana kama Yardbirds, aliwaonyesha njia nyingine: maiki ya kuimbia, mikono inayofungua na kufunga, mkwaruzo karibu hakuna. Mwingereza Duster Bennett alifunga harmonika shingoni kwa sababu mikono ilikuwa kwenye gitaa. Pasipo mfumbato, uzito wote lazima utoke kooni. Mwingereza mwingine, John Mayall, mwaka 1969 aliushika ukumbi mzima kwa harmonika na midundo ya mdomo tu. Kwa sauti ya umeme iliyokomaa, Mark Feltham wa Nine Below Zero na Paul Lamb wanastahili masikio yako zaidi ya wengi wanaotajwa kila siku. Lamb alianzia kwenye mtindo wa Mmarekani Sonny Terry, ambao hauna umeme kabisa, na inasikika: hata akiwa na amplifaya, mikono yake ndiyo inayoongea.

TunduLaPili:
Asanteni wakuu. Trebo 2, besi 7, 12AY7 imeingia (ya kwanza ilikuwa ECC83, si EF86). Yowe sasa linaanza 6, na tundu la 2 limejaa kabisa. Matundu ya 7 hadi 10 bado yanachoma sikio. Pia kuna mtu anauza maiki ya Astatic JT-30 ya zamani, inafaa kuongeza? Na Shure SM58, maiki ya kuimbia, je, kwa siku za vyombo vya ukumbi?

FundiValvu:
Juu kule fumbata nusu, usikaze, na upige kwa pumzi ndogo zaidi. Amplifaya ielekee kifuani au pembeni, isiwe nyuma yako ikitazama maiki.

JT-30 uliza kwanza kiini chake ni kipi. Cha asili ni fuwele, chumvi ya Rochelle, na kwa Dar au Mombasa hiyo ni bidhaa ya kuharibika: unyevu unaiyeyusha, na joto likipita nyuzi 55, kwa mfano ndani ya gari lililoegeshwa juani, imekwisha. Ikiwa bado hai, itunze kwenye kopo linalofunga na pakiti za kukausha unyevu. Pia inahitaji mlango wa impidansi (ukinzani wa umeme) kubwa, megaomu 1 kwenda juu. Chini ya hapo besi inatoweka. Cheki kichwa cha waya, nyingi ni cha skrubu na utahitaji waya wake maalumu. Ijaribu kwa kufumbata na kuzungumza kabla ya kulipa. Sauti hafifu isiyo na besi maana yake fuwele imeshakufa, usinunue kwa ajili ya ganda.

Mfumbato:
SM58 inafaa, ila ni ya impidansi ndogo. Ukiichomeka kwenye amplifaya ya gitaa weka transfoma ya kupandisha katikati ya waya, la sivyo itakuwa dhaifu. Na ujue inakataa sauti ya nyuma kupitia matundu yaliyo chini ya wavu. Ukilifumbata lile tufe lote umeyaziba, inaanza kusikia pande zote, na yowe linarudi. Shika kwa mbele, acha ukingo wa chini wa wavu ukipumua.

Ukikutana na maiki kuukuu ya utepe, aina ya Reslo zilizojaa kwenye klabu za Uingereza enzi hizo, hiyo usiifumbate kabisa. Utepe wake ni karatasi ya alumini, pumzi moja ya tundu la 1 inaukunja.